Aliyemlisha Kamanda

Ng'ombe wawili wa maziwa waliibwa Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita, kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana. Zizi halikuvunjwa. Miti miwili ya mlango ilichomolewa na kuegemezwa ukutani, kama anavyofanya mwenye zizi. Mbwa wa ulinzi alikuwepo. Hakuwa amefungwa. Hakubweka.

Ndugu zangu, nimeanzia karibu na mwisho kwa makusudi. Nikianza na "kulikuwa na mtu mmoja", najua nusu yenu mtaanza kutazamana, mkitafuta nani amesemwa leo. Hakuna aliyesemwa. Huu ni mfano. Nimeutunga Alhamisi, baada ya kikao chetu cha Jumatano. Kikao hicho nitakitaja. Sitakisahau upesi.

Haya. Kulikuwa na mtu na mkewe, wakikaa kwenye mteremko wa mlima, mahali pa migomba na kahawa kama hapa kwetu. Walikuwa na mtoto mmoja, Eliapenda, ndiyo maana majirani waliwaita Baba Eliapenda na Mama Eliapenda. Pamoja nao alikaa bibi, mama yake huyo baba. Walikuwa na ng'ombe wawili wa kufugwa bandani. Maziwa ya asubuhi yalipelekwa kituo cha kukusanyia maziwa, ya jioni yalinywewa nyumbani. Ng'ombe hao ndio waliomsomesha Eliapenda. Ndio walionunua dawa za bibi. Bila wao nyumba ile isingekwenda mwezi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo, jirani wa bondeni aliibiwa ng'ombe. Baba Eliapenda akasema hapana, kwangu hawatachukua. Katikati ya mwezi wa pili akashuka mjini, akarudi na mtoto wa mbwa ndani ya boksi la sabuni. Alikuwa na wiki nane, wa jamii ya wale mbwa wanaotumiwa na polisi, masikio hayajasimama bado. Wakampa jina la Kamanda. Wakati huo Kamanda aliogopa kuku.

Siku ya nne bwana mifugo wa kata alikuja kumchanja. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimshika miguu, akamfungua mdomo, akambonyeza tumbo. Kisha akakaa kwenye kigoda akawaeleza wote watatu, baba, mama na bibi, kwamba mbwa wa jamii hii anachukua mwaka na nusu kumaliza kukua, na mifupa yake inajengwa sasa. Asilishwe kama mbwa mzima. Ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo, mpaka afike miezi mitatu. Kisha mara tatu mpaka miezi sita. Apewe nyama au maini yaliyochemshwa, dagaa waliooshwa chumvi wakasagwa, wali au ugali laini, na mboga kidogo. Asinenepeshwe, kwa sababu uzito ukiitangulia mifupa, miguu inapinda. Asipewe pilipili, wala vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana hiyo ikivunjika tumboni inakata.

Akayaandika yote kwenye karatasi, mbele na nyuma, akaweka namba yake ya simu chini.

"Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa, daktari," akasema Baba Eliapenda. "Lakini huyu ni mbwa wa kazi. Si wa kubebwa kama mtoto."

"Ndiyo maana nimeandika. Ukikwama, piga simu."

Mama Eliapenda aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaikunja, akaiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo ili isipotee. Na kweli haikupotea. Tangu siku ile mpaka siku ya wizi zilipita Jumapili kumi na nane, na kila Jumapili karatasi ile ilikuja kanisani. Ilikaa kwenye benchi. Ilisimama watu waliposimama. Waliimba kwa sauti, nayo iko katikati ya kitabu, imekunjwa vilevile.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu anapochoka.

Baba Eliapenda alikuwa na elimu yake. Aliipata kwa baba yake, na baba yake sijui aliipata wapi. Elimu yenyewe ilisema mbwa akishiba analala, na mbwa akilala ng'ombe wanaondoka. Kwa hiyo mbwa wa ulinzi anakula mara moja, jioni, na anakula ugali wenye pilipili, ili awe mkali. Kila jioni alichukua sufuria, akaweka bonge la ugali wa dona, akaponda pilipili kichaa tano, akachanganya. Kamanda alikuwa na wiki tisa. Alilamba, akapiga chafya, akaenda kunywa maji, akarudi, akalamba tena kwa kuwa hakuwa na kingine. Baba alisimama pembeni, mikono kiunoni, akasema ukali unaingia.

Mama Eliapenda alikuwa na huruma. Nayo ni kitu kizuri, sikatai. Asubuhi, baba akiwa shambani, alimpa Kamanda maziwa mabichi ya ng'ombe, kibakuli kizima, na siku nyingine chai ya maziwa yenye sukari na kipande cha mkate. Mtoto wa mbwa akahara. Mama akaona anahara, akasema amepungukiwa maji mwilini. Akamwongezea maziwa.

Bibi naye alikuwa amefuga mbwa tangu zamani za mkoloni, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuwa na sinia la bati nyuma ya jiko. Humo alitupa mifupa yote ya nyumba, ya ng'ombe, ya samaki, ya kuku. Alipokumbushwa na mkwewe kwamba bwana mifugo aliikataza ya kuku, alijibu kwamba bwana mifugo yule alizaliwa yeye akiwa tayari ana wajukuu.

Hivyo nyumba moja, mtoto wa mbwa mmoja, vyombo vitatu. Na karatasi moja ndani ya kitabu cha nyimbo.

Niwaulize. Je, walimchukia Kamanda? Hawakumchukia. Walikuwa wavivu? Hata kidogo. Mwenye kuponda pilipili tano kila jioni si mvivu. Kila mmoja alihangaika, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayeharibu. Baba alipokuta kibakuli cha maziwa alikipiga teke. Mama alipokuta sufuria ya pilipili aliisuuza akaijaza maji. Bibi aliwatazama wote wawili akaongeza mifupa. Wiki nzima iliweza kupita hawasemezani kuhusu mbwa isipokuwa kwa kulaumiana.

Kufikia katikati ya mwezi wa tatu, mbavu za Kamanda zilihesabika. Miguu ya mbele ilianza kupinda kwa nje. Alipokimbia alianguka. Kuku, ambao mwanzo aliwaogopa, sasa walimdonolea chakula mbele ya pua yake.

Ungetarajia nini hapo? Mtu mwenye akili angefungua kitabu cha nyimbo. Au angepiga ile namba. Ofisi ya bwana mifugo ilikuwa kwenye njia ya kwenda kituo cha maziwa. Baba Eliapenda aliipita kila asubuhi, na galoni lake kwenye baiskeli. Aliipita akienda, akaipita akirudi. Siku moja bwana mifugo alikuwa mlangoni, akamuuliza mbwa anaendeleaje. Akajibiwa kwamba anaendelea vizuri, ukali unaingia.

Kisha ikatokea hivi. Kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, Kamanda alianza kupona. Kuhara kulikoma. Manyoya yakang'aa. Mwezi wa tano miguu ilikuwa imenyooka kwa sehemu kubwa, masikio yamesimama, na kifua kimeanza kufunguka. Wapita njia walisimama kumwangalia. Akawa anabweka vizuri, kwa sauti nene, mgeni hapiti. Aliwabwekea wauza mitumba. Alimbwekea katekista. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa ndani ya mfano huu, angenibwekea.

Jumapili moja ya mwezi huo wa tano, baada ya ibada, walikaa kula chakula cha mchana. Kamanda alikuwa amelala kivulini, amejinyoosha. Baba akamwangalia kwa muda, kisha akasema, "Mnaona? Mbavu hazionekani tena. Ni pilipili hiyo. Inasafisha damu."

"Pilipili ipi, Baba Eliapenda?" mkewe akasema. "Huyo anaishi kwa maziwa yangu. Ningekuachia wewe tungeshamzika."

Bibi aliweka kijiko chini. "Mnabishana bure. Mbwa ni mifupa. Mimi nimelea mbwa saba kabla ninyi hamjajuana. Na huyu nimemlea," akamwonyesha mwanawe kwa kidole, "na mifupa alipewa. Angalieni meno yake."

Wakacheka. Ni kweli kicheko kilikuwa kizuri, kilipunguza joto. Lakini baada ya kucheka kila mmoja alibaki na imani yake, tena ikiwa imekua, kwa sababu ushahidi ulikuwa pale kivulini, unapumua.

Ndugu zangu, vyombo vitatu vilikuwa hatua kumi kutoka kwenye meza ile. Hakuna aliyegeuza shingo kuvitazama. Kama wangetazama, wangeona kwamba sufuria ya jioni ilikuwa bado na ugali wote. Kibakuli cha maziwa kilikuwa na nzi. Sinia la mifupa lilikuwa na mifupa ya Alhamisi. Mbwa alikuwa amenenepa kiasi cha kupendeza, na chakula chote cha nyumba ile hakijaguswa. Kuku ndio waliokuwa wakila. Kuku wa nyumba ile walikuwa wazito ajabu, na hilo pia hakuna aliyeliuliza.

Si kwamba dalili hazikuwepo. Mama Eliapenda alikwisha kusikia harufu ya dagaa mdomoni mwa Kamanda. Akafikiri ni bibi. Bibi aliwahi kumwona akitafuna kipande cha ini. Akafikiri ni mkwewe, akanuna siku mbili kwa nini yeye hakupewa ini. Baba aliona kwamba mara tatu kwa siku, saa zilezile, asubuhi, saa saba mchana na jioni kabla jua halijazama, Kamanda huinuka na kwenda nyuma ya banda, kwenye ua wa mimea ya masale, mahali palipokuwa na tundu la kupita mbwa. Akafikiri anazungukia mipaka. Akajisifu kituo cha maziwa kwamba ana mbwa anayefanya doria kwa saa.

Kila mmoja aliona kipande. Kila mmoja akakifunika kwa mwenzake. Ingetosha sentensi moja mezani: "Jamani, ni nani anampa huyu mbwa dagaa?" Sentensi moja. Watu wazima watatu wanaokaa nyumba moja kwa miezi minne, wanaogombana juu ya chakula cha mbwa kila siku, na hakuna aliyeuliza mbwa anakula nini.

Tunarudi kwenye ile Jumapili ya tatu ya mwezi wa sita.

Waliondoka nyumbani saa tatu na nusu. Walikuja kanisani wote. Waliketi benchi la nne upande wa kushoto, na karatasi yao ndani ya kitabu. Mhubiri alikuwa anasema jambo kuhusu kukesha. Walirudi saa sita na nusu. Banda lilikuwa tupu, miti miwili imeegemezwa ukutani. Kamanda hakuwepo. Baba Eliapenda alidhani wamemuua.

Jirani wa ng'ambo ya njia, mama mmoja ambaye hakwenda ibadani kwa sababu ya mguu, alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi. Wakamkimbilia. Akasema ndiyo, amewaona ng'ombe. Wametoka kama saa nne na nusu, wanaongozwa na mwanamume mwenye kofia, taratibu, kamba mkononi. Alidhani wanapelekwa kwenye dume.

"Mama, mtu humjui anatoa ng'ombe zizini kwangu, nawe umekaa?" Baba Eliapenda akamuuliza.

"Baba Eliapenda, usinigombeze. Mbwa wenu alikuwa naye. Ametangulia mbele, anatikisa mkia, anarudi kumlamba mkono. Mbwa ambaye mimi jirani yako siwezi kukanyaga hapo kwako kwa ajili yake. Nilipomwona mbwa nikajua ni mtu wa nyumbani."

Saa nane mchana Kamanda alirudi mwenyewe, akitokea barabarani. Hakuwa na jeraha. Tumbo lilikuwa limeshiba. Walipofuata njia aliyotoka walikuta, hatua kama mia mbili kutoka barabara kuu, mahali palipokuwa na alama za matairi ya lori, kopo la rangi lililooshwa vizuri. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya wali laini, maini na dagaa waliosagwa.

Jumatatu asubuhi Baba Eliapenda alisimama, kwa mara ya kwanza, kwenye ofisi ya bwana mifugo. Alibeba kopo. Bwana mifugo aliliangalia, akalinusa. Akaeleza kwamba mwishoni mwa mwezi wa tatu alikuja mtu mmoja, amepanga chumba kule chini kijitoni, anasema ni fundi wa kupiga plasta. Mtu huyo alisema ana mtoto wa mbwa wa jamii hiyo, miguu imeanza kupinda. Aliuliza maswali kwa nusu saa. Alitaka kujua ampe nini, kiasi gani, saa ngapi. Alirudi mara mbili, mara ya kwanza kuuliza kipimo cha dagaa, mara ya pili kuuliza kama maini ya kila siku yanadhuru.

"Nawe hukushtuka?" Baba Eliapenda akasema.

"Nishtuke nini, mzee? Mtu anauliza chakula cha mbwa. Nilichokuwa nashangaa ni kwamba ninyi hamji."

Mfano umeishia karibu hapo. Sasa tuzungumze sisi.

Najua mnachosema moyoni. Mnasema mwizi yule ni mtu mbaya. Ni kweli ni mwizi, na polisi wanamtafuta, na wakimpata ni haki yake. Lakini nawauliza, kati ya watu wote waliomzunguka Kamanda, ni nani aliyekwenda kuuliza mtoto wa mbwa anayekua anahitaji nini? Mmoja tu, yule aliyekuja kuchukua. Ni nani aliyefika kwa saa, mara tatu kwa siku, wiki kumi na moja, mvua za mwezi wa nne zikimnyeshea kwenye tundu la ua? Ni yeye huyohuyo. Jumapili hakuja kuiba. Jumapili alikuja kuchukua kilichokuwa chake tangu mwezi wa tano.

Na msimlaumu mbwa. Kamanda hakumsaliti mtu. Alilinda vizuri kabisa. Alimbwekea kila asiyemlisha, na akanyamaza kwa aliyemlisha. Hakujua kanuni nyingine, na hakuna aliyemfundisha nyingine.

Sasa kikao cha Jumatano. Mada ilikuwa moja: vijana wetu wa darasa la kipaimara. Tulikaa saa tatu na dakika ishirini. Nimeangalia muhtasari. Baba mmoja alisema vijana wa leo wanadekezwa, wachapwe na wanyang'anywe simu. Hapo tulikaa dakika arobaini. Mama mmoja alisema wanahitaji kupendwa, tuwanunulie keki na soda kila Jumamosi, watakuja. Hapo nusu saa. Mzee mmoja alisema sisi tulifundishwa kwa kukariri, na tazameni tulivyo. Tulitazama. Hapo tukakaa saa nzima. Watu wawili walitoka nje wakiwa wamekasirika. Mimi mwenyekiti nilikuwa na hoja yangu pia, kuhusu siku ya mafunzo, nami niliisema mara tatu.

Vijana walioandikishwa ni thelathini na saba. Jumamosi iliyopita walikuja tisa. Kwa saa tatu na dakika ishirini hakuna mtu, nikiwemo mimi, aliyeuliza wale ishirini na wanane walikuwa wapi, kwa nani, wakisikiliza nini. Tulikuwa tunagombea sufuria, kibakuli na sinia. Hakuna aliyegeuza shingo kuona kama kuna kilicholiwa.

Na wengine wenu mmekwisha kuridhika. Mnasema, mimi wangu hana shida, ametulia, amependeza, ana adabu. Nakubali. Lakini ni nani amemtuliza? Una hakika ni maziwa yako? Una hakika ni pilipili yako? Mtoto wako akitoka chumbani anacheka na simu mkononi, ni nani amemchekesha? Akisema neno jipya mezani, neno ambalo hukumfundisha wewe wala mwalimu wake, amelishwa na nani? Huenda ni mtu mwema. Huenda ni mtu anayemjali kuliko sisi. Sisemi kila aliye kwenye tundu la ua ni mwizi. Nasema hatumjui, na hatujamuuliza mtoto, na karatasi tunayo, tunakuja nayo hapa kila wiki, na haijafunguliwa.

Kuna jambo moja zaidi, kisha nakaa.

Mwanzoni kabisa niliwaambia watu wale walikuwa na mtoto. Nikawatajia jina. Tangu hapo nimelitamka jina la Eliapenda mara nyingi, kwa sababu baba na mama wanaitwa kwa jina lake. Ng'ombe walikuwa kwa ajili ya ada yake. Mbwa alinunuliwa kwa ajili ya ng'ombe. Nimewasimulia chakula cha mbwa, chakula cha kuku, meno ya baba, mguu wa jirani. Mmecheka mlipopaswa kucheka. Kuna mtu hapa amejiuliza Eliapenda yuko wapi?

Alikuwa ndani ya nyumba ile muda wote. Ana miaka kumi na minne. Siku ya kile chakula cha mchana, walipokuwa wakigombana ni nani amemnenepesha mbwa, yeye alichukua sahani yake akaenda kula chumbani, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Naye amekuwa ametulia, amependeza, ana adabu.

Nami sina haki ya kuwanyoshea kidole. Niliuandika mfano huu Alhamisi asubuhi, nikaumaliza, nikaridhika nao. Nilipousoma tena jioni ndipo nikaona nimelitumia jina la mtoto ukurasa hadi ukurasa, na mtoto mwenyewe sikumpa hata sentensi moja. Nilikuwa nimeshughulika na mbwa.

Kwa hiyo tunaanzia wapi sisi? Hatuanzii na kikao kingine. Tunaanzia leo mchana, mezani. Usiseme chochote kuhusu chakula chako ni kizuri kiasi gani. Muulize mtoto anakula nini. Halafu nyamaza mpaka ajibu. Akijibu kwa kifupi, nyamaza tena. Kesho uliza tena, saa ileile. Yule fundi wa plasta hakuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mmebaki mnataka kujua mwisho wa ile nyumba. Nitawaambia kilichothibitika tu. Mpaka Jumanne jioni ng'ombe hawakuwa wamepatikana. Chumba cha kule kijitoni kilikutwa wazi, kimefagiliwa. Jumatatu hiyo Mama Eliapenda alikuwa ameitoa karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, akaisoma mbele na nyuma, akaibandika ukutani jikoni. Sufuria ya pilipili iliondolewa, na sinia la mifupa pia. Jumanne saa kumi na moja na nusu bwana mifugo alipita kumwangalia mbwa. Bakuli lilikuwa moja. Lilikuwa na maini, wali laini na dagaa waliooshwa chumvi, kwa kipimo kilichoandikwa. Lilikuwa limejaa. Kamanda alikuwa amelala nyuma ya banda, kwenye tundu la ua, pua ikiwa upande wa nje.